KICHEKO CHA MAZISHINI SI USHAHIDI



Mjane amesimama kando ya jeneza la mumewe. Ghafla kicheko kinamtoka. Anaziba mdomo kwa leso, kinazidi. Kabla kaburi halijafukiwa, maneno yameshafika nyuma ya hema: "Anacheka? Huyu anajua kilichomuua ndugu yetu." Wiki haiishi, ukoo umeshamhukumu, na shamba la watoto wake liko mashakani.

Mtu wa Mungu, nasema wazi: kicheko hicho si ushahidi wa hatia. Si lazima kiwe dharau, na tusikimbilie kukiita pepo. Hofu, huzuni au aibu ikizidi, mwili hutafuta pa kuutolea ule mzigo. Kwa mmoja ni machozi, kwa mwingine ni kicheko asichokitaka.

Mwaka 1962, katika shule ya misheni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika, wasichana 3 walianza kucheka wasiweze kujizuia. Hali hiyo ikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, wakicheka na kulia, hadi shule ikafungwa. Madaktari walipima, wasipate sumu wala maambukizi. Wengi waliochunguza kisa hicho wamekihusisha na msongo wa mawazo. Ile haikuwa furaha.

Neno lilitangulia kutuambia. Mithali 14:13 inatuonyesha kwamba mtu anaweza kucheka huku moyo wake unauma. Na soma 1 Samweli 1. Hana aliomba kwa uchungu, midomo ikicheza bila sauti. Kuhani Eli akamtazama mdomo, akaamua ni mlevi. Mtumishi wa Mungu, ndani ya nyumba ya Mungu, alikosea! Lakini Hana alipojieleza, Eli alisikiliza, akambariki. Sisi wachungaji na wazee tujifunze hapo: uliza kwanza, sikiliza, ndipo useme.

Na wewe ambaye hucheka pasipofaa, usijichukie. Kikianza, inamisha kichwa, vuta pumzi taratibu, kisha uitoe polepole zaidi. Usipambane nacho kwa nguvu, maana ukikibana sana huzidi. Kikikushinda, toka nje kidogo, urudi ukitulia. Baadaye mwendee mwenye msiba umwambie, "Nisamehe, nikilemewa hunitokea hivi. Naumia pamoja nawe." Maneno hayo machache huponya mengi. Ikiwa hucheka au kulia mara kwa mara bila sababu yoyote, hasa baada ya kiharusi au kuumia kichwa, muone daktari. Kwenda hospitali si kukosa imani. Tutakuombea, na utaenda.

Sasa nawe uliyeketi kwenye kiti cha plastiki ukitazama. Ukimwona mjane akicheka, usitoe simu kumrekodi. Usimnong'oneze jirani. Inuka, simama karibu naye, mshike mkono. Mungu ametuita kulia na waliao, hata kama kilio chao kimetoka kwa sauti ya kicheko.

Kuna dada anasoma haya ambaye bado anabeba maneno aliyoambiwa siku ya mazishi. Dada yangu, Mungu aliuona moyo wako siku ile. Hakukuelewa vibaya.

Kama kuna mtu ulimhukumu kwa kicheko, mpigie simu leo.