Kiyoyozi Kipya Tseikuru: Madai Sita Yasiyosimama

Septemba na Oktoba, kisha tena Februari na Machi, joto la Tseikuru halina mchezo. Viyoyozi katika pembe hii ya Mwingi Kaskazini ni vichache, lakini kimoja kikifa, mwenye nyumba hupewa ushauri wa kila aina na wauzaji, mafundi wa kupita na majirani. Sehemu kubwa ya ushauri huo ni potofu, na anayeufuata huulipia kwa miaka. Pesa hizo zingekuwa karo au mbegu, ndiyo maana nayajibu madai haya moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Huku ni kwenye joto, nunua kikubwa kuliko cha zamani."

Kabla ya kuuliza ukubwa wa mashine, uliza joto linaingilia wapi. Katika nyumba nyingi za Tseikuru linaingilia juu. Bati lililopigwa na jua la adhuhuri linaweza kupita nyuzi 60, na kama hakuna dari, joto hilo lote linamshukia aliye chini. Hata penye dari, panda juu ya meza saa kumi jioni uiguse kwa kiganja. Ukiikuta ina moto, ujue hewa iliyo kati yake na bati haina pa kutokea. Toboa matundu ya hewa kwenye kuta za pembeni chini ya paa, uyafunike kwa wavu, kisha upake bati rangi nyeupe. Baada ya hapo, chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4 kwa kawaida hutoshwa na mashine ya BTU 9,000. Kubwa kupita kiasi, hasa isiyo ya inveta (yaani isiyoweza kupunguza kasi ya kompresa yake), huwaka na kuzima kila mara. Hiyo huichosha kompresa, na msimu wa mvua chumba hubaki na unyevu.

Dai la pili: "Gesi huisha, lazima ijazwe kila mwaka."

Gesi ya kiyoyozi haiunguzwi kama ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikichukua joto ndani na kulitoa nje, mwaka nenda mwaka rudi. Ikipungua, imevuja. Fundi mwaminifu atapaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba la shaba, atazame kinachotoa mapovu, akizibe, ndipo ajaze. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi itakayorudi hewani. Tena, kabla hujakubali kwamba mashine imekufa, toa kichujio ukitazame. Vumbi letu jekundu hukiziba kikawa kama blanketi, na mara nyingine kukiosha tu kunatosha.

Dai la tatu: "Mashine ya zamani tutaitia gesi mpya, utaokoa pesa."

Mashine nyingi za zamani zilitengenezwa kwa R-22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuachana nayo kufikia 2030, isipokuwa akiba ndogo ya matengenezo. Kuweka R-410A au R-32 mahali pake hakufai: shinikizo la gesi hizo ni kubwa zaidi na mafuta ya kompresa ni tofauti. R-32 pia inaweza kushika moto, kwa hiyo haipaswi kuingizwa kwenye mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake. Ukinunua mpya, R-32 inachangia joto la dunia takriban theluthi moja tu ya R-410A. Sisi tunaosubiri mvua zisizofika tuna sababu ya kulijali hilo.

Dai la nne: "Inveta ni ghali, na stima yetu inayumba."

Ni kweli bei ya dukani iko juu. Lakini piga hesabu. Mashine inayovuta kilowati moja kwa saa nane kila usiku hula yuniti 240 kwa mwezi. Inveta inayovuta wastani wa nusu yake hula 120. Hata kwa shilingi 25 tu kwa yuniti, tofauti ni shilingi 3,000 kila mwezi. Kuhusu stima kuyumba, inveta huanza polepole, ilhali kompresa ya kawaida hudai umeme mwingi kwa ghafla na hukwama volti zikishuka. Weka kifaa cha kulinda umeme chenye kuchelewesha kuwaka, kwa mashine yoyote. Na soma lebo ya nyota: tangu kanuni za 2016, viyoyozi vya nyumbani Kenya hupimwa kwa nyota, na nyingi zaidi maana yake ni matumizi madogo.

Dai la tano: "Kipoza hewa cha maji ndicho dawa ya nchi kavu."

Kwa sayansi, ni kweli: hewa kavu hupoa maji yanapogeuka mvuke. Lakini mashine hiyo hunywa lita kadhaa kila saa, na nyumba nyingi hapa huteka maji kwenye mchanga wa mto na kuyabeba kwa punda. Mama aliyetembea kutafuta mtungi wa maji hawezi kuambiwa aumimine kwenye feni. Na Novemba mvua ikija, hewa ikiwa nzito, kipoza hicho hakina kazi.

Dai la sita: "Joto tumelizoea, kupoza nyumba ni anasa."

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mtoto mchanga, mzee na mgonjwa wa moyo hawazoei joto kwa kuamrishwa. Lakini kupoza nyumba si lazima kuanzie kwa kiyoyozi. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane kila usiku hula takriban yuniti 14 kwa mwezi, na tangu Aprili 2023 asiyezidisha yuniti 30 hulipa bei ya chini kabisa. Shirika la Afya Duniani linaonya tu feni isitegemewe hewa inapofika nyuzi 40.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: paa kwanza, feni ya pili, kiyoyozi cha tatu, na kiwe cha chumba kimoja anacholala aliye dhaifu. Kitegeshe kwenye nyuzi 25 au 26. Kukishusha hadi 16 hakuharakishi lolote. Muuzaji akuandikie kwenye risiti aina ya gesi, idadi ya nyota na muda wa dhamana ya kompresa. Na fundi akija kufunga bila pampu ya kuondoa hewa kwenye mabomba, usimruhusu aanze kazi.