Uti wa Mgongo wa Nani?

Hakuna sitiari iliyochakaa katika Kiswahili cha majukwaani kuliko ile isemayo kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Wanasiasa huitamka, wanafunzi huiandika katika insha, nao watangazaji huirudia pasi na kuitafakari. Lau msemaji mmojawapo angepita asubuhi kando ya mashamba ya mpunga karibu na Garsen, angeuona uti wa mgongo usio wa sitiari. Angemwona mama aliyeinama tangu macheo, magoti yamekazwa, kiuno kimekunjika, mkono mmoja ukipandikiza miche na mwingine umeegemezwa pajani. Mradi mkubwa wa umwagiliaji wa TARDA katika delta ya Mto Tana uliharibiwa na mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997. Katika mashamba ya kifamilia mtambo ulikuwa, na ungali, mgongo wa mkulima.

Mama huyo akifika zahanati husema, "Mgongo waniuma," naye hupewa tembe za kutuliza maumivu. Hakuna aliyemfundisha kuukagua mwili wake mwenyewe. Mabango ya mafunzo ya mkao, pale yanapopatikana, aghalabu humchora mtu aliyeketi kitini mbele ya kompyuta na kumwamuru akae wima. Ni agizo gani hilo kwa mtu ambaye kutwa nzima hakai?

Tatizo hili, pamoja na kuwa la tiba, ni la lugha, na ndiyo maana linawahusu wanafunzi wa Kiswahili. Neno "mkao" humfunga msikilizaji kitini. "Msimamo", ambalo lingefaa zaidi, limetekwa na siasa hata likasahauliwa kwamba lilizaliwa miguuni. Ilhali lipo neno "itidali", linalofundishwa madrasani kwa maana ya kule kusimama na kunyooka baada ya rukuu, kila pingili ya uti ikirejea mahali pake. Neno hilo hilo hubeba pia maana ya usawa na ulinganifu. Waunda istilahi wangetaka nini zaidi?

Fauka ya hayo, vitenzi vyenyewe ni vipimo. Kiswahili hutofautisha kuinama, kuchutama, kupiga magoti, kujipinda, kulala chali na kulala kifudifudi, na kila kitenzi huuliza swali ambalo viungo fulani hulijibu. Mtu awezaye kuchutama nyayo zote zikigusa ardhi, kisha akainuka bila kujisukuma kwa mikono, amekwisha kupima nyonga, magoti na vifundo vya miguu kwa mara moja. Visigino vikiinuka, huenda vifundo vimekaza. Mkono mmoja ukipita juu ya bega na mwingine ukipanda kutoka kiunoni, vidole vikakaribiana mgongoni, mabega yangali huru. Tofauti ndogo kati ya kulia na kushoto si ajabu, hasa kwa mshika jembe. Anayeswali hupitishwa katika mikunjo mingi ya namna hii mara tano kwa siku, na siku goti linapoikataa sijda, yeye ndiye wa kwanza kujua.

Kuukagua uti wenyewe huhitaji kitu kilichonyooka. Ukuta wa udongo haukunyooka, lakini nyumba ina mwimo wa mlango, na wanaisimu watatambua kwamba "mwimo" na "wima" ni ndugu wa shina moja. Mtu aupe mwimo mgongo, visigino vikiwa mbali nao kwa upana wa vidole vitatu au vinne. Makalio, mgongo wa juu na kisogo viuguse. Kiganja kipenye kiunoni; ngumi nzima ikipita kwa urahisi, kiuno kimebinuka kupita kiasi. Kisogo kisipoufikia mwimo mpaka kidevu kiinuliwe, mgongo wa juu umeanza kujikunja kuelekea kile kiitwacho kibiongo. Kwa mtoto anayebalehe, mtu mzima amtazame kwa nyuma anapoinama mikono ikining'inia. Upande mmoja wa mbavu ukipanda kuliko wa pili, yawezekana uti umepinda kwa upande, na apelekwe hospitali mapema. Asilaumiwe kwa mitungi ya maji aliyobeba, kwani mara nyingi chanzo cha kupinda huko hakijulikani.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila mgongo uliopinda ni mgonjwa. Utafiti haujathibitisha kuwapo kwa mkao mmoja unaomkinga mtu na maumivu. Kudumu katika hali moja kwa saa nyingi ndiko huchosha. Kwa mpanda mpunga, basi, "inama vizuri" ni ushauri finyu. Afadhali abadilishe: achutame kidogo, anyooke kila afikapo mwisho wa mstari. Kipimo cha mwimoni nacho hakitambui ugonjwa, bali huulinganisha mwili wa leo na wa mwezi uliopita. Maumivu yanayoambatana na ganzi sehemu za siri, miguu kulegea au kushindwa kuzuia haja hayangoji kipimo cha nyumbani. Wala maumivu ya mgongo yenye homa na kukonda, kwa kuwa kifua kikuu huweza kuushambulia uti.

Elimu ya afya kwa Kiswahili cha wasikilizaji wenyewe si ndoto. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania iliunganisha redio na vikundi vya kusoma vijijini, watu wakajadili malaria na vyoo kwa maneno waliyoyazoea. Mgongo haujapata kampeni yake.

Garsen ingekuwa mahali pazuri pa kuianzia. Lahani ya Wimbo wa Taifa la Kenya, wa mwaka 1963, ilitokana na bembezi ya Wapokomo, ya kumtuliza mtoto. Bendera inapopandishwa shuleni, wajukuu wao husimama wima kwa lahani hiyo. Mwalimu wa zamu, badala ya kusimama mbele daima, angeweza siku moja katika muhula kupita nyuma ya safu na kutazama kama mabega yanalingana.