Mama wa Tandika apumzike lini?

Makamanda, jirani yangu Tandika anauza vitumbua. Mwanawe ana miaka 27 na ana ulemavu wa akili. Alisoma kitengo maalumu shule ya msingi, umri ukapita, basi. Tangu hapo yuko ndani. Mama akienda kliniki ya presha anamfungia chumbani, funguo anamwachia mpangaji. Huyo mpangaji ndiyo ustawi wa jamii wake.

Tuongee sheria sasa, maana ndiyo ninayosomea. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 28 inataka serikali izisaidie familia maskini, ikiwemo huduma ya kumpokea mtu kwa muda ili anayemtunza apumzike. Mwaka 2010 tukatunga sheria yetu, Na. 9, ikawabebesha ndugu wajibu. Wajibu wameupata, pumziko liko wapi?

Mtaambiwa kuna asilimia 2 ya mapato ya halmashauri. Ile ni mikopo jamani! Mama hakopeshwi usingizi.

Na hatudai jengo la kufungia watu maisha. Vyumba vinne, wahudumu waliofunzwa, mtu alale siku tatu arudi kwao. Diwani akija kuomba kura Temeke, atutajie fungu la bajeti na tarehe.