Je, Pomboo Wote Ni Wamoja?

Katika majadiliano ya muhula huu msemaji mmoja alituambia kwamba hakuna haja ya kuwahangaikia pomboo wanaonaswa katika majarife, kwa sababu bahari haina ukuta wala mlango. Wakiisha wa kwetu watakuja wengine kutoka Bara Hindi, au hata Uchina. Alipigiwa makofi mengi. Kengele ililia kabla sijapata nafasi ya kusema, basi naomba nafasi katika kurasa hizi nimjibu bila ya ugomvi.

Nitamtaja pomboo mmoja tu, yule mwenye nundu. Wengi wetu tunaokaa pwani tumemwona: rangi yake ni ya kijivu kama risasi, na mgongoni ana nundu, na pezi dogo limekaa juu yake. Huyu si mnyama wa kilindini. Hupenda maji machache karibu na nchi kavu, penye miamba, mikoko na midomo ya mito, na ndiyo sababu hukutana na nyavu zetu. Jamaa zake wameenea kandokando ya Bahari ya Hindi tangu Afrika ya Kusini, kupita kwetu na Uarabuni, hata Bara Hindi. Wako wengine Uchina na Asia ya kusini-mashariki, wengine Australia ya kaskazini, na wengine Afrika ya magharibi, tangu Sahara Magharibi mpaka Angola.

Sasa tuwapange tuwatazame. Wa Uchina hana nundu. Pezi lake lina kitako kipana tu, na akikua ngozi yake hugeuka kuwa nyeupe au ya waridi. Wa Australia naye hana nundu. Wa Afrika ya magharibi anayo kama wetu, na mtu akiwaona majini angeweza kuapa kwamba ni wa namna moja. Lakini mfungue kinywa. Wetu ana meno 33 mpaka 39 katika kila upande wa taya la juu. Wa magharibi ana 27 mpaka 32, na mdomo wake ni mfupi na mpana zaidi. Mgongo wakubali, fuvu lakataa.

Wataalamu wenyewe walibishana sana juu ya jambo hili. Osbeck, mtu wa Sweden, ndiye aliyetoa jina la yule wa Uchina mwaka 1765, kwa kuwaona tu pomboo weupe katika mto wa Canton. Wetu alipewa lake na Cuvier wa Ufaransa mwaka 1829, kwa mnyama aliyetoka pwani ya Malabar. Mwaka 1892 Mjerumani Kükenthal alipata fuvu kutoka Kameruni, akaandika kwamba mwenyewe hula majani! Yaelekea vitu vya tumboni alivyoletewa vilikuwa vya nguva. Tangu hapo wengine walihesabu aina mbili, wengine tatu, mpaka mwaka 2014 Jefferson na Rosenbaum walipoyaweka pamoja mafuvu, maumbo ya mwili, rangi na chembe za urithi, wakasema ni aina nne. Wa Australia ndipo alipopata jina lake.

Mtu asidhani kwamba kazi hii ni ya kukisia. Fuvu la mtoto halilinganishwi na la mzee. Hutazamwa kama mifupa ya mdomo imekwisha kuungana, ndipo lipimwe. Fuvu moja halitoshi, kwani hata watu wa nyumba moja hawalingani kimo. Tena huko Afrika ya Kusini madume huwapita majike kwa ukubwa, wengine wakifika karibu meta 2.8, mwenye kulinganisha dume la huko na jike la hapa atajidanganya mwenyewe.

Najua msemaji wetu atasema: Basi, tuache Uchina, lakini wa Oman na wa Msumbiji ni aina moja na wetu, nao watakuja. Neno hili lina uzito kuliko lile la kwanza. Lakini uchunguzi wa chembe za urithi uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba hata pomboo hao wenye nundu wa Oman na wa Tanzania wametengana wao kwa wao, na wametengana pia na wa Msumbiji na Afrika ya Kusini, na mitengano hiyo yafuatana na mahali mazingira ya bahari yanapobadilika. Mwaka huohuo ilionekana kwamba hata pomboo wa aina nyingine, wale wasio na nundu ambao wageni huwafuata kwa mashua Kizimkazi, wa kaskazini ya Unguja wana tofauti na wa kusini, ingawa kati yao ni kama kilometa 80 tu. Ukuta upo, ila macho yetu hayauoni.

Na walio upande wetu ni wangapi? Kusini ya Unguja, wenye nundu walikadiriwa kati ya mwaka 1999 na 2002 kuwa 58 mpaka 65. Hawajazi hata mikondo miwili ya kidato kimoja. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Huko huko pomboo waliwindwa kuwa chambo cha papa mpaka mwaka 1996. Siwalaumu wavuvi, ambao ndio baba zetu na wajomba zetu. Hakuna anayetega jarife kwa ajili ya pomboo, na likiraruka hasara ni yake. Lakini hesabu ya namna hii haingoji wageni kutoka Oman.

Shauri langu ni dogo. Mzee wa mwanafunzi akipata pomboo aliyekufa, habari zipelekwe kwanza kwa ofisa wa uvuvi. Huku akingojwa, mwanafunzi aandike tarehe, mahali, dume au jike, urefu tangu ncha ya mdomo hadi panda ya mkia, na meno ya taya la juu, upande mmoja. Daftari la kuandikia nimekwisha kulitengeneza, lipo kwa mwalimu wetu wa elimu ya viumbe. Na mwenye kuokota ufukoni fuvu lisilo na meno asilidharau: matundu ya meno hubaki katika mfupa, nayo yahesabika vilevile.