Kabla ya kamera mpya, lenzi kwanza

Vijana wengi tunaopiga picha kwa kujifurahisha, tukipata pesa kidogo tunakimbilia kamera mpya. Mimi nasema pesa hizo ziende kwa lenzi.

Chukua Canon ya bei nafuu iliyokuja na lenzi yake ya 18-55mm. Mchana, Uhuru Park, picha zinatoka safi kabisa. Ingia nayo ruracio jioni, ndani ya hema, uone nyuso zilivyojaa chengachenga. Utalaumu kamera bure. Ukivuta hadi 55mm, tundu la lenzi hiyo linafunguka mpaka f/5.6 pekee. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi, na ni kati ya lenzi za bei ya chini kabisa.

Haivuti, hiyo ni kweli. Utatembea. Na kwenye Canon hizo ndogo inaona kama 80mm, kwa hivyo ndani ya bedsitter utagonga ukuta kabla watu wote hawajaenea. Wanaopiga mpira pia wana shida tofauti. Wao kamera yenye kasi inaweza kutangulia.

Wenye Nikon D3500, chungeni mkinunua lenzi iliyotumika. Kamera hiyo haina mota ya kufokasi ndani, na 50mm za zamani zilizoandikwa AF badala ya AF-S utazizungusha kwa mkono. Ifunge kwa kamera yako hapo hapo dukani, piga picha kadhaa, zikuze uzitazame vizuri, ndio utume M-Pesa.