Kiboko Kuna Mbegu, Mbona Kuna Njaa?

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa, akiisha kuupita mji wa Emali, hufika Kiboko kabla ya kuingia Makindu. Hapo pana kituo cha utafiti wa kilimo ambamo wataalamu wetu, pamoja na wenzao wa CIMMYT na ICRISAT, huzijaribu mbegu za mahindi, mtama na mbaazi zenye kustahimili ukame. Mahindi hupandwa wakati wa kiangazi, yakamwagiwa maji kwa kipimo, kisha yakanyimwa maji makusudi yanapokaribia kutoa maua, ili ijulikane ni aina ipi itakayovumilia.

Ajabu ni kwamba si mbali na ua wa kituo hicho mna jamaa ambazo, mvua za vuli zikikosa, hazina budi kungojea mwolyo. Mbegu zimevuka mipaka ya nchi, lakini kuuvuka ua huo zimeona taabu.

Ufukara wa namna hii, ambao Benki ya Dunia tangu Juni 2025 huupima kwa matumizi ya chini ya dola 3 kwa siku, mwalimu wa Ukambani hahitaji dola kuutambua. Kiangazi kinapokaza, madawati hubaki matupu kwa kuwa watoto wamewafuata mama zao kutafuta maji.

Je, serikali ya kaunti yaweza kuung'oa? Nasadiki yaweza, na kisingizio cha kwamba mambo haya ni ya serikali kuu hakina mashiko. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti kilimo, huduma za maji, zahanati na hospitali zake, chekechea na vyuo vya ufundi. Hayo ndiyo hasa yamtiayo au kumtoa mtu katika dhiki.

Tuanze na maji. Mito mingi ya Makueni na Kitui ni ya msimu, ila mchanga wake ni ghala. Wanakijiji hujenga ukuta wa zege kukatiza mto. Mafuriko huleta mchanga, ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakajificha baina ya chembe zake, jua lisiweze kuyafikia. Mchanga huo ukipakiwa kwenye malori na kupelekwa kujenga maghorofa mjini, maji nayo yamekwenda. Ndiyo maana sheria ya kaunti ya Makueni ya 2015 ya kuhifadhi mchanga naihesabu kuwa sheria ya kupambana na ufukara, ingawa wengi waliiona kuwa ni ugomvi na wenye malori tu.

Kisha maradhi. Jamaa yenye ng'ombe wawili haiwi fukara kwa uvivu. Huwa fukara siku ng'ombe wa pili anapouzwa kulipia kitanda cha hospitali. Mpango wa MakueniCare ulioanzishwa mwaka 2016, kila kaya ikitoa shilingi 500 kwa mwaka, ulilijua jambo hilo. Kiwanda cha matunda cha Kalamba nacho kilijengwa na kaunti ili mkulima wa maembe asiwe mateka wa bei ya dalali.

Kasoro ninayoiona ni moja. Kaunti hupenda jengo, kwa kuwa jengo hufunguliwa kwa utepe na hotuba, ilhali bwana shamba atembeaye kwa pikipiki kutoka boma hadi boma hana utepe wa kukatwa. Lakini ni yeye awezaye kuitoa mbegu kituoni na kuifikisha kwa mjane mwenye ekari mbili, akamwonyesha siku ya kupanda na namna ya kuhifadhi mavuno yasiliwe na dumuzi.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge lake kabla ya mwisho wa Aprili, na Katiba inawataka wananchi washirikishwe. Walimu, nendeni vikaoni pamoja na wanafunzi wenu wakubwa, mkaulize ni mabwana shamba wangapi watakaoajiriwa mwaka huu, na katika kata zipi.