Msamvu na Uluguru: Je, maadili yetu yamekwenda sambamba na maarifa yetu?

Tangu tarehe 14 Juni 2024 msafiri atokaye Dar es Salaam kwa treni ya umeme huwasili Morogoro kwa muda usiotimia saa mbili. Safari hiyo hiyo iliwagharimu wazee wetu siku nyingi za kutembea kwa miguu. Juu ya kilele cha Bondwa, katika milima ya Uluguru, imesimama minara ya mawasiliano, na mkulima wa mlimani anazungumza na mwanawe aliyeko mbali bila ya kuteremka mjini. Hizi ni neema, na hapana shaka kwamba neema hustahiki kushukuriwa. Lakini lipo swali tunalopaswa kujiuliza: je, mwanadamu aliyepewa vyombo hivi amekuwa bora kuliko yule aliyekuwa hana?

Kulijibu swali hili hatuna haja ya kwenda mbali. Msamvu inatosha kuwa shahidi.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, lori lililobeba petroli lilipinduka katika eneo hilo la Manispaa ya Morogoro. Watu walikusanyika na madumu kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika, wengi wao wakiwa vijana waendesha bodaboda. Moto ukalipuka. Siku ile ile walifariki makumi ya watu, na kadiri majeruhi walivyoendelea kupoteza maisha hospitalini, idadi ya waliokufa ilipindukia 100. Rais John Magufuli alitangaza maombolezo ya siku tatu, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaunda kamati ya uchunguzi. Ilikuwa siku ambayo mahujaji walikuwa wamesimama katika uwanja wa Arafa, tajiri na masikini katika vazi moja, kila mmoja ameiacha dunia nyuma yake.

Lililo zito zaidi ni kwamba msiba ule haukuwa wa kwanza wa aina yake. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, nchini Kenya, watu zaidi ya 100 walikufa kwa namna ile ile. Tarehe 2 Julai 2010, katika mji wa Sange, Kivu ya Kusini, lori la mafuta liliua zaidi ya watu 200. Tarehe 25 Juni 2017, katika mkesha wa Idi, wengine zaidi ya 200 waliteketea karibu na Bahawalpur, Pakistani. Habari hizi zote zilitangazwa redioni na katika televisheni, na baadaye zikaingia katika simu za mikononi. Teknolojia iliifikisha habari mpaka viganjani mwetu, ila haikuweza kuigeuza kuwa mazingatio ndani ya nyoyo. Kazi hiyo ya pili haifanywi na mtambo.

Kisha likafuata jambo jingine. Kabla jamaa hawajawatambua wapendwa wao, picha za miili iliyoungua zilikuwa tayari zinazunguka kutoka simu hadi simu. Katika mafundisho ya dini yetu, maiti ana heshima: hufunikwa, husitiriwa, na aibu yake haitangazwi. Surat Al-Hujurat nayo inawataka waumini waihakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi, na inawakataza kufanyiana dhihaka na kusengenyana. Adabu hizo zilifundishwa zaidi ya miaka 1,300 kabla ya simu ya kamera, na bado ndizo zinazokosekana kwa mwenye simu.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tusiwahukumu marehemu kwa pupa. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakipita njia tu. Walikuwamo pia vijana ambao lita chache za petroli kwao ni chakula cha siku. Aidha, ni wangapi kati yetu waliofundishwa kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwamba hutambaa ardhini, na kwamba cheche moja tu huuwasha? Tumewapa watu pikipiki na barabara za lami, lakini hatukuwapa elimu ya hatari ya kile wanachokitumia kila siku.

Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alibainisha kuwa sheria imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, uhai, akili, kizazi na mali. Pale Msamvu mali ya mtu ilichukuliwa bila ya ridhaa yake, na uhai ukapotea kwa ajili ya mali hiyo. Lakini wajibu wa kuhifadhi uhai hauko juu ya mchotaji peke yake. Uko pia juu ya mwenye gari, dereva, askari anayepaswa kulizingira eneo la ajali, na kiongozi anayepaswa kuwaelimisha raia kabla ya msiba na si baada yake.

Kwamba upungufu wa maadili si ugonjwa wa masikini peke yao, milima ya Uluguru inalithibitisha. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wataalamu walikuwa na elimu yao na vipimo vyao, lakini waliamrisha bila ya kusikiliza. Mwezi Julai 1955 wananchi wa Matombo walisimama kupinga, risasi zikafyatuliwa, mtu akauawa, na mpango ukaachwa.

Zaidi ya nusu karne baadaye, mashirika ya CARE na WWF yalirudi kwa wakulima wa milima hiyo hiyo na matuta yale yale. Safari hii walikuja na makubaliano: watumiaji wa maji ya mto Ruvu, ikiwamo kampuni ya maji ya Dar es Salaam, DAWASCO, wawalipe wakulima wanaoutunza udongo na vyanzo vya mto. Wapo wakulima waliochimba matuta hayo kwa hiari yao. Tuta ni lile lile na mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni haki.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Ala haina maadili, humtii aliyeishika. Maarifa hurithiwa: mtoto wa leo huanzia pale alipoishia baba yake, na ndiyo maana hayarudi nyuma. Maadili hayarithiwi kwa njia hiyo. Kila anayezaliwa hana budi kufunzwa upya uaminifu, huruma, na kuiacha mali isiyo yake hata kama imemwagika mbele ya miguu yake. Kizazi kimoja kikizembea kufundisha, kinachofuata hubaki na mashine bila ya mwongozo.

Kwa hiyo misikiti, madrasa, shule na vijiwe vya bodaboda vina kazi ambayo haiwezi kuachiwa wahandisi. Khutba ya Ijumaa izungumzie simu, barabara na mafuta, kama inavyozungumzia swala na saumu. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia pale Msamvu, na atujaalie akili ya kuzingatia kabla halijapinduka lori jingine.